Njia ya Bukoba ilipita kwa watu

Kuna wakati mtu aliyezaliwa Muleba na kufanya kazi Dar es Salaam alihitaji hati ya kusafiria ili aende kumsalimia bibi yake Muleba. Sitanii, na wala sizungumzii enzi za Mjerumani. Nazungumzia miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Basi la Bukoba lilitoka Dar likaenda Arusha, likavuka Namanga, likapita Nairobi, likaingia Uganda kwa mpaka wa Busia au Malaba, likafika Kampala, likateremka Masaka, kisha likarudi Tanzania kwa mlango wa nyuma, Mutukula. Mipaka mitatu. Mihuri sita. Shilingi za nchi tatu kwenye mfuko mmoja. Yote hayo kutoka mkoa mmoja wa Tanzania kwenda mkoa mwingine wa Tanzania!

Marafiki zangu wa Dar nikiwasimulia haya hucheka. Wanadhani ni zile hadithi zetu za Nshomile, za kukuza mambo hadi safari ya kwenda kijijini igeuke kuwa ziara ya kimataifa. Basi leo nimeamua kuyaandika, maana mwezi Desemba nilikwenda huko kwa gari na nimerudi na mengi kichwani.

Tulikuwa wawili, mimi na mtoto wa shangazi yangu, kwenye Noah yake ambayo imeona siku nyingi. Tulijiwekea sharti moja: hakuna gesti. Kila usiku tutalala kwa ndugu au kwa rafiki wa zamani, na mahali ambapo hatuna mtu hatulali. Wengi walituona tumechanganyikiwa. Basi linatoka Mbezi leo, kesho uko Bukoba, sasa nyie mnakwenda kuzurura kwenye nyumba za watu kwa sababu gani?

Mama peke yake hakucheka. Aliingia chumbani akatoka na kauntabuku kuukuu lenye jalada jekundu. Ndani mna majina ya watu, lakini hayakupangwa kwa alfabeti. Yamepangwa kwa vituo: Moshi, Nairobi, Kampala, Masaka, kisha ukurasa mwingine Tabora, Mwanza, Kemondo, kisha mwingine Kahama na Biharamulo. Chini ya kila kituo kuna mtu na maelezo ya kumpata. Uliza duka la Mwarabu, nyumba ya tatu yenye mwembe. Fika kabla ya saa kumi, analala mapema. Hakuna namba za simu hata moja, kwa sababu wengi wao hawakuwa na simu. Zaidi ya nusu ya majina yamepigwa mstari.

Nimelikalia daftari hilo kwa wiki kadhaa sasa, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyoamini kuwa njia ya Bukoba ilikuwa ni watu kabla haijawa barabara.

Tuanze mbali kidogo. John Hanning Speke na mwenzake James Grant waliondoka pwani Oktoba 1860 na kufika Karagwe kwa Mukama Rumanyika Novemba 1861. Miezi 13 njiani. Njia yao ilikuwa ile ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha kupanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Vitabu vya shule vinatuambia walikuwa wapelelezi, kana kwamba walikuwa wakikata pori kwa panga. Ukweli ni kwamba walikuwa wakitoka kwa mwenyeji mmoja kwenda kwa mwenyeji mwingine, na pale walipokosa mwenyeji walikwama. Grant alipougua mguu, Speke alimwacha kwa Rumanyika akaendelea na safari, na mgonjwa alitunzwa pale kwa miezi. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya barabara.

Na sisi wenyewe tulikuwa na utaratibu wetu. Wahaya, kama majirani zetu wa Buganda, tulikuwa na omukago, yaani udugu wa damu. Watu wawili wasio ndugu waliketi mbele ya mashahidi, wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye punje, na mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo walikuwa ndugu, na watoto wao pia. Mtu mwenye omukago ng'ambo ya mpaka wa mukama mwingine alikuwa na mahali pa kulala, pa kula na pa kukimbilia. Kumbuka kwamba huko hakukuwa na nchi moja. Kulikuwa na Kiziba, Kihanja, Kyamutwara, Karagwe, na upande wa Muleba kulikuwa na Ihangiro, kila mmoja na mukama wake na ugomvi wake. Huwezi kuvuka nchi za watu bila mtu.

Ndiyo maana hadi leo ukiingia kwenye nyumba ya Mhaya wa zamani utapewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna. Huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa. Mji wa Bukoba unauza kahawa kwa dunia nzima, lakini kahawa ilikuwa ya kumpa mgeni kabla haijawa ya kuuzwa.

Kisha wakaja wenye vyombo vikubwa. Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba Novemba 1890. Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Kashozi. Walitokea Buganda, si Dar es Salaam. Angalia ramani utaelewa: Bukoba imeupa mgongo mkoa wowote wa Tanzania unaoujua, uso wake uko ziwani na Uganda. Reli ya Waingereza ilipofika Kisumu Desemba 1901, hata biashara ya Mjerumani wa Bukoba ikawa inavuka ziwa kwenda kupanda treni ya Mwingereza hadi Mombasa. Kichekesho ni kwamba vita ilipoanza, njia ileile ikawaleta askari. Juni 1915 Waingereza walivuka kutoka Kisumu, wakaiteka Bukoba baada ya mapigano ya siku mbili, wakabomoa mnara wa redio wa Wajerumani, wakapora mji, wakapanda meli zao wakarudi walikotoka.

Kwa hiyo Mhaya wa wakati huo aliyetaka shule, hospitali au kazi alitazama kaskazini. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo, Kamachumu, mwaka 1912 na ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, alisoma seminari ya Rubya hapo Muleba, kisha akaenda Katigondo, karibu na Masaka. Ukurasa wa Masaka kwenye daftari la mama una watu wanne. Mmoja ni mtoto wa mtu aliyefanya omukago na babu yake mzaa baba. Watu hao hatuna nao damu kabisa, na bado mama anawaita wajomba.

Mambo yalianza kugeukia Tanganyika reli ilipofika Mwanza mwaka 1928. Hapo ikapatikana njia ambayo wazazi wetu wote waliijua: treni kutoka Dar hadi Mwanza, siku mbili kama mambo yamekwenda vizuri, kisha meli. Mv Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 iliondoka Mwanza usiku na asubuhi ukaamka unaiona Bukoba, kanisa la Bunena limesimama juu ya jabali. Meli haikuwa ya kila siku. Treni ikichelewa, na ilichelewa, ulisubiri Mwanza siku mbili au tatu. Unasubiri wapi? Kwa ndugu. Kila ukoo wa Kagera ulikuwa na nyumba moja Mwanza ambayo ilikuwa nusu nyumba, nusu stesheni.

Ya kwetu ilikuwa ya shangazi mmoja wa baba, marehemu sasa. Vyumba vitatu, watoto sita, na karibu kila wiki wageni. Mama anasema usiku mmoja wa mwezi Desemba walilala watu 19 mle ndani, na shangazi asubuhi aliwapikia uji wote. Hapa lazima niseme jambo, maana naona tunapenda kuyapamba haya. Ukarimu ule uliliwa na mtu. Baba zetu walifika, wakakaa sebuleni, wakaongea siasa za Muungano. Sukari, mkaa, maji ya kuoga watu 19, mashuka ya kufua wakiondoka, hayo yalikuwa ya shangazi. Kwenye daftari, mahali pa jina la mwenyeji wa Mwanza pameandikwa jina la mume wake. Nimelirekebisha kwa kalamu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Na Uganda nako kulikuwa hakufai. Ndege za Idi Amin zilikuwa zimeshaipiga mabomu Bukoba Septemba 1972, na mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia na kulitwaa eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, yakavunja daraja la Kyaka. Watu wa upande ule walivuka mto wakakimbilia kusini. Serikali ilikuwa na shughuli ya vita. Wakimbizi wengi walipokelewa na nani? Ni yuleyule shangazi, mjomba, rafiki wa baba, wa Bukoba, wa Kanyigo aliyekuwa na ndugu Kamachumu, wa Kamachumu aliyekuwa na shamba la migomba la kutosha. Bibi yangu wa Muleba alikaa na familia mbili kwa miezi. Aprili 1979 Kampala ilianguka, na mwaka huohuo mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto uliopiganiwa, Kagera.

Vita ilifungua mpaka na mpaka ukafungua biashara. Vijana walikwenda Uganda na kahawa wakarudi na nguo. Kulikuwa na kitambaa kilichoitwa Juliana, mashati ya fasheni, na watu walipoanza kukonda na kufa kwa ugonjwa usiojulikana wakauita Juliana pia, kwa sababu walioanza kuugua walikuwa wafanyabiashara wa njia ile. Mwaka 1983 hospitali ya Ndolage, Kamachumu, iliandikisha wagonjwa watatu ambao ndio wa kwanza kutambuliwa kuwa na UKIMWI nchini Tanzania. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa mji wa Bukoba wana virusi. Robo! Sihitaji kueleza zaidi, majina yaliyopigwa mstari kwenye daftari yanaeleza. Kuna ukurasa wa Kyaka ambao hauna hata jina moja lililobaki.

Halafu ikaja Mei 1996.

Mv Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20, ikatia nanga Kemondo, ikachukua watu zaidi na ndizi zaidi. Ilikuwa meli ya abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21 ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Waokoaji walitoboa tumbo la meli iliyokuwa bado inaelea kichwa chini ili wawatoe waliokuwa wakigonga kutoka ndani, hewa ikatoka, meli ikazama. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Abiria wa daraja la chini hawakuwa kwenye orodha yoyote, kwa hiyo hakuna aliyejua kwa hakika nani alikuwa ndani.

Mama anasema waliojua ni wenyeji. Ile nyumba ya Mwanza ilikuwa inasubiri wageni wawili kutoka Muleba asubuhi ile. Shangazi alikuwa ameinjika chai. Alisubiri hadi saa nne, akafunga khanga ya pili kiunoni, akaenda bandarini kwa miguu. Siku zile nyumba za namna hiyo Mwanza nzima zilikuwa ndiyo orodha ya abiria: fulani alikuwa aje leo, hajafika. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na makaburi yapo hadi leo. Kwa watu wetu hilo lilikuwa pigo juu ya pigo, kwa sababu Mhaya huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake. Kuna migomba Muleba ambayo hadi leo inasubiri mtu wa kuzikwa hapo. Majina mawili kwenye daftari yana tarehe 21/5/96 pembeni, kwa wino wa kijani.

Watu waliogopa ziwa. Ndipo lile basi la Nairobi na Kampala niliyoanza nalo likawa njia ya kawaida ya watu wa kawaida. Njia ya moja kwa moja ndani ya nchi ilikuwepo, lakini wakati huo kutoka Kahama kwenda Biharamulo na Muleba ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na majambazi wakati wote. Kwenye mapori ya Biharamulo mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Kwa hiyo mtu mzima mwenye akili zake alilinganisha, akaona heri ya Namanga. Na daftari likapata kurasa mpya. Nairobi: binti wa jirani, ameolewa huko, anauza nguo. Kampala: mtu aliyesoma na baba. Watu ambao hawakuwa wameonana kwa miaka 20 wakaanza kuonana kila Krismasi, kwa sababu tu Tanzania ilikuwa haina barabara.

Lami ilikuja vipande vipande. Kipande cha Kagoma hadi Lusahunga, kupitia Biharamulo, kilometa 154, kilizinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2013, na tangu hapo unaweza kutoka Dar hadi Bukoba, kama kilometa 1,400, bila kukanyaga udongo. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya marufuku ya miaka mingi. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kilometa 3 juu ya maji, na foleni ya pantoni kwa anayekwenda Mwanza ikawa hadithi. Mv Victoria nayo ilirudi ziwani mwaka 2020 baada ya ukarabati. Siombi turudi nyuma hata kidogo. Nawafahamu watu ambao wangekuwa hai kama lami ingekuja mapema.

Lakini twende Kahama. Wakati mabasi hayaruhusiwi kutembea usiku, basi la Bukoba lililala Kahama. Abiria wengine walilala ndani ya basi, wengine walikuwa na mtu. Sisi tulikuwa na shangazi mwingine, mdogo wake yule wa Mwanza, ambaye kwa miaka kama kumi alikuwa akija stendi usiku na tochi kuokota ndugu. Tulifika kwake usiku wa pili wa safari, baada ya kulala Dodoma kwa rafiki yangu wa sekondari (Dodoma nairuka, tulikula chipsi na kuongea mpira). Alituangalia mlangoni kwa muda mrefu. Alituuliza kama gari limeharibika. Tulipomwambia hapana, tumekuja kwake, alikaa chini kwanza.

Alikuwa anajua habari zetu zote za mwaka 2012. Baada ya hapo hakuna. Hakujua kwamba mtoto wa shangazi ameoa na ana watoto wawili. Yuko kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, picha za harusi ziliwekwa humo, lakini simu yake ni ya kitochi na namba iliyo kwenye kundi ni ya mjukuu aliyehamia Geita. Tulilala saa nane za usiku. Asubuhi akatupa jogoo, na kwa kuwa hakuna namna ya kumkataa shangazi, tulisafiri na jogoo huyo kupitia Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi na Lusahunga, akiwika kila tulipopunguza mwendo kwenye matuta.

Pori la Biharamulo siku hizi ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Pale wazazi wetu walipojikunyata chini ya viti, watu wanapiga picha za twiga. Tulipita bila kusimama. Ukishavuka Kyamyorwa, ardhi inaanza kubadilika, mara unaona ziwa upande wa kulia, mara migomba inasogea hadi ukingoni mwa lami, na unajua umefika Muleba kabla hujaona kibao.

Kwa bibi tulikaa siku tatu. Nyumba ni ya bati sasa, msonge ulishakwenda zamani, lakini mwendo wa kuingia ni uleule: unapita kwanza kwenye migomba, na kwenye migomba ndiko waliko waliotangulia. Bibi hututembeza kama mtu anayetambulisha wageni sebuleni. Huyu babu yenu. Huyu baba yenu mkubwa, alikuja kutoka Dar. Kwa lugha ya kwetu kuja kutoka Dar kuna maana mbili na hakuna anayeuliza ipi. Hata Kardinali Rugambwa, ambaye alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, alipofariki Desemba 1997 alirudishwa nyumbani. Alizikwa Kashozi kwa muda, na mwaka 2012 mwili wake ukahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba lilipokamilika. Alisubiri miaka 15 kufika alikokuwa anakwenda.

Nikamuuliza bibi, kati ya njia zote hizo, treni na meli, Kampala, na hii lami ya sasa, ipi ilikuwa nzuri. Akasema ya sasa. Akasema zamani ukipata taarifa ya msiba Dar, mnazika wenyewe, watoto wanafika baada ya wiki. Sasa wanafika siku ya pili, wanazika, wanaondoka jioni kwa basi la usiku. Kisha akaniuliza yule wa Masaka, mtoto wa mwenye omukago, yuko hai? Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyekuwa anawaletea wote habari zake, kila Krismasi, abiria wa lile basi.

Siku ya mwisho tuliteremka Bukoba mjini kumtafuta mtu mmoja tu, rafiki wa baba, karani mstaafu. Kwenye daftari yupo chini ya Bukoba: wanaosubiri meli walale kwake. Tulimkuta Rwamishenye. Nyumba yake ya zamani ilipasuka kwenye tetemeko la Septemba 10, 2016, amejenga nyingine ndogo nyuma yake, na ile yenye nyufa anafugia mbuzi. Alifurahi, akatoa akamwani, akatuhesabia kwa vidole watu wa ukoo wetu waliowahi kulala pale. Alifika 31, akaacha.

Halafu akaniuliza Dar ninakaa wapi. Nikamwambia Tabata. Akauliza vyumba vingapi. Nikamwambia viwili. Akanyamaza kidogo, akamwita kijana aliyekuwa nje anachota maji, mjukuu wake, amemaliza chuo, ameitwa kwenye usaili Dar mwezi wa kwanza na hana mtu huko.

Kijana anafika Mbezi Jumapili alfajiri. Jana nimenunua godoro.